Saa ya Kompyuta Iliporudi Nyuma

Nshambya, Jumatano, saa tisa alasiri

Koku wangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Buhembe kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia mapema. Atataka ule, kisha ukishashiba atataka ule tena. Kwa hiyo nina muda. Nimeketi kwenye meza ya jikoni, nimesukuma ndizi pembeni, na hii ni karatasi ya tatu. Mbili nimezichana.

Sitakuandikia habari za melini, wala za treni ya Mwanza, wala za kufunga mlango wa bweni. Hayo umeyasikia wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, unahubiri kuliko paroko." Nilicheka nawe, lakini moyoni sikucheka. Naogopa, Koku. Naogopa ziwa, naogopa Dar es Salaam, naogopa vikohozi vya watu nisiowajua. Asubuhi nimefungua sanduku lako mara nne kuangalia kama cheti chako kimo. Kimo.

Kinachonifanya niandike ni lile jambo la Jumapili baada ya misa. Padri alikuuliza utasomea nini, ukamjibu kwa sauti ya kujivuna, "Kompyuta, Padri. Kama Mama. Mama alitengeneza programu iliyofanya kazi ya nusu siku kwa dakika chache." Watu wakageuka kunitazama. Nikatabasamu, nikanyamaza. Ulichosema ni kweli, lakini ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili nimekuficha miaka sita. Siwezi kukuacha upande meli ukiwa na nusu hiyo moja.

Nianzie mbali kidogo. Vita vilipofika mkoani kwetu nilikuwa kidato cha tatu. Watu wa kule ng'ambo ya mto walikuwa wanapita mjini na magodoro kichwani, na siku moja tukasikia ndege. Tata, baba yangu, akasema tuondoke saa ileile, twende Muleba kwenye kibanja, shamba la migomba la babu. Mimi mkubwa nikaambiwa nitangulie na wadogo zangu watatu. Nilitembea mbio kuliko watu wote njiani, na nilijisifu kwa hilo. Tulipopumzika nikagundua nina wadogo wawili. Mjomba wako Evarist alikuwa amesimama nyuma kufunga kiatu, nami sikugeuka hata mara moja. Tulimpata siku ya tatu kwenye nyumba ya watu tusiowajua, mzima kabisa, amekaa jikoni anamenya ndizi. Wote walicheka. Mama yangu pekee ndiye aliyenitazama kwa muda mrefu. Ungedhani nilijifunza. Sikujifunza. Nilichobaki nacho kutoka vitani ni zile mbio.

Kisha ukaja ule ugonjwa. Ulimchukua baba yako ukiwa darasa la pili, na mwaka ule tulizika watu wengi hata nguo yangu nyeusi haikupata kukauka vizuri kambani. Mimi nilipimwa mara tatu. Mara tatu wakaniambia sina. Mpaka leo sielewi kwa nini, na huwa naogopa kuuliza sana.

Ndipo nilipopata kazi ya kupiga chapa kwenye ule mradi wa Miembeni. Unaikumbuka ofisi, ulikuwa unakuja kunisubiri barazani na sare ya shule. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu nyumba zilizobaki na yatima, Bukoba na Muleba, na kutoa orodha ya nyumba za kusaidiwa: mablanketi, unga, maharage, sare za watoto, na muuguzi wa kuwatembelea. Wenzetu walizunguka vijijini na fomu, sisi tulizijaza kwenye kompyuta. Zilikuwa tatu, zimekuja zikiwa zimeshatumika kwingine. Mtaalamu mmoja kutoka nje alitengeneza programu ya kuchambua zile fomu, akanifundisha miezi minane, akaenda kwao. Nikabaki mimi.

Ile programu ilikuwa na vipande karibu arobaini. Kila fomu ilipobadilishwa hata swali moja, ilibidi kompyuta isome vipande vyote tangu mwanzo na kuviunganisha upya kuwa kitu kimoja kinachofanya kazi. Ilichukua asubuhi nzima. Tulikuwa tunaiwasha, tunakaa, tunanywa chai, tunaomba umeme usikatike. Ukikatika kwenye kipande cha thelathini na nane, unaanza upya na cha kwanza. Mkuu wetu, Bwana Kamugisha, alikuwa akichungulia mlangoni kila saa.

"Bado, Mama Koku?"

"Bado, Mkuu."

"Gari la Muleba limewashwa tayari."

Siku moja nilikuwa nyumbani nafua. Ulikuwa umechafua soksi tu, lakini ulikuwa umetupa nguo zako zote kwenye beseni, na zilizo safi humo. Nikazitenga zile safi, nikafua soksi. Nikasimama na mikono ina povu. Kwa nini kompyuta inafua hata zilizo safi? Kila kipande huandikwa siku na saa kilipoguswa mwisho. Nikiandika programu ndogo itakayotazama saa hizo, itajua kipi kimeguswa tangu mara ya mwisho, itashughulika na hicho peke yake na kuviacha vingine kama vilivyo.

Ilinichukua wiki tano. Niliiita Bwangu, neno letu la Kihaya lenye maana ya haraka. Siku niliyoiwasha mbele ya watu, kazi ya asubuhi nzima iliisha kabla chai haijapoa. Bwana Kamugisha alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Respicius, mwenzangu aliyeketi meza ya pili, akapiga meza kwa furaha. Mwanangu, sijawahi kupendwa na watu kama wiki ile. Mjane, mpiga chapa, na mkuu wa ofisi ananiletea soda mwenyewe!

Habari zikaenea. Ofisi moja ya Mwanza wakaomba nakala, nikawatumia kwenye disketi. Kisha wengine. Kila mmoja alitaka Bwangu ifanye na jambo lake: huyu ipige king'ora ikimaliza, yule ichape jina la ofisi juu, mwingine ihesabu na siku za likizo. Sikumkatalia mtu. Nilidhani kukubali ndiko kuwa mwema. Baada ya mwaka kitu nilichokiandika kurasa sita kilikuwa na kurasa hamsini, na hakuna aliyekielewa ila mimi. Hata mimi siku nyingine nilikuwa nakisoma kama barua ya mtu mwingine.

Kuna kisa nitakuambia ucheke. Bwangu ikimaliza iliandika kwenye skrini TAYARI, ila mimi kwa haraka zangu niliandika TAYRI. Nilipogundua nikasahihisha. Siku ya pili simu kutoka Mwanza, mtu anafoka: kazi yao yote imesimama, kwa sababu wao walishatengeneza programu nyingine inayongoja lile neno TAYRI ndipo ianze. Nikarudisha kosa langu mahali pake. Liko hivyo mpaka leo. Hapo ndipo nilipoanza kujua kwamba ukishampa mtu chombo, hata uchafu wake anaujengea nyumba.

Respicius aliniomba nimfundishe. Alisema, "Mama Koku, ukiugua wiki moja tu, sisi tumekwisha. Nifundishe hata kidogo." Nikamwambia nitapata nafasi. Sikuipata. Kusema ukweli sikuitafuta. Ilinipendeza kuitwa mimi kila kitu kikikwama.

Ni huyohuyo Respicius aliyeona kwanza. Alisema kompyuta ya dirishani, kila umeme ukikatika, inaamka na tarehe ya ajabu. Nikasema, "Tarehe ya nini? Tunachambua fomu, hatupangi harusi." Mzee Hasmukh naye, mwenye duka la saa na redio pale Miembeni, nilipompelekea saa yangu ya mkononi nikamtajia jambo hilo kama mzaha. Hakucheka. Alisema, "Dada, ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayoshika saa. Ikifa, saa inarudi mwanzo. Niletee hiyo mashine niiangalie." Nilikuwa na haraka. Nikamshukuru, nikachukua saa yangu, nikaondoka.

Sasa sikiliza vizuri.

Msimu wa masika ulikuja uamuzi mpya kutoka juu. Misaada haikutosha nyumba zote, orodha ilikatwa pale vitu vilipoishia, na zamani programu ilizipa nafasi ya kwanza nyumba zenye wagonjwa. Sasa ilitakiwa nyumba ambazo hazina mtu mzima wa kufanya kazi, nyumba za bibi vikongwe na watoto peke yao, ziwe za kwanza kabisa. Nilikiandika upya kile kipande kinachopanga nyumba. Nilikiandika kwenye kompyuta ya dirishani. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika mara mbili. Saa ya mashine ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, mwaka ambao wewe ulikuwa unanyonya. Kwa hiyo kipande changu kipya kiliandikwa tarehe ya zamani. Bwangu ikakitazama, ikaona ni cha kale, ikakiruka. Ikachukua kile cha zamani kilichokwisha kuunganishwa, ikamaliza kwa dakika mbili, ikaandika TAYRI.

Bwana Kamugisha alikuwa mlangoni. Gari limewashwa. Printa ikatoa orodha ya Muleba, ndefu kama shuka. Respicius akasema, "Tuisome kwanza, hata ukurasa mmoja." Nikasema, "Imeshasomwa na mashine." Nikaikunja mimi mwenyewe, nikampa dereva.

Gari lilirudi Muleba baada ya miezi mitatu, zamu iliyofuata. Muuguzi wetu aliporudi hakukaa. Alisimama mbele ya meza yangu na fomu mkononi. Akasema kuna bibi mmoja, Bibi Leokadia, mwenye wajukuu watatu. Walihesabiwa vizuri, fomu ipo, lakini hawakuwamo kwenye orodha. Walingoja. Waliona gari likisimama kwa jirani. Bibi alikuwa haoni vizuri na mguu umevimba, hakuweza kulima. Mdogo kabisa, wa kiume, alikufa kwa kuhara. Wa katikati alichukuliwa na watu wa upande wa baba. Mkubwa, msichana wa miaka kumi na minne, alikwenda mwaloni, kule mitumbwi ya wavuvi inakofikia, na mwanamume muuza samaki aliyeahidi kuwaletea chakula. Hajarudi.

Msichana huyo ni Adventina. Ndiyo, Koku. Adventina wetu, aliyelala chumbani sasa hivi ninapoandika.

Nilikuambia ni mtoto wa binamu yangu. Si kweli.

Siku ile nilitafuta mpaka nikaona ile tarehe. Nyumba kumi na moja zilirukwa. Nilipeleka karatasi kwa Bwana Kamugisha, nikamweleza. Akafunga mlango, akasema kwa upole, "Andika kwamba mashine iliharibika. Umeme wa hapa kila mtu anaujua." Na ilikuwa kweli, mashine ilikuwa imeharibika. Ningeweza kulala na maneno hayo. Nilikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu nikapanda gari kwenda Muleba.

Nyumba ya Bibi Leokadia ilikuwa ndani ya migomba ambayo haijapaliwa. Alikuwa ameketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akanikaribisha kwa Kihaya kama mgeni wa heshima, akatafuta kahawa ya kutafuna ya kunipa, hakuwa nayo, akaomba radhi. Yeye akaniomba radhi mimi.

Nikamwambia, "Bibi, ninatoka kule wanakoandika majina."

Akasema, "Waliniambia mashine ilisema hatupo."

"Si mashine, Bibi. Ni mimi. Niliitengeneza mimi, nikaambiwa ina kasoro, sikusikia. Nikaambiwa nisome orodha, sikusoma."

Bibi alipapasa nyasi alizokalia. Kuku alipita kati yetu. Kisha akauliza, "Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Basi nitafutie wangu."

Hakusema amenisamehe. Nilimwachia unga niliokuwa nao, nikatoka.

Nilimtafuta Adventina wiki saba. Unakumbuka kipindi kile ulikaa kwa shangazi Buhembe ukalalamika kwamba nimekusahau? Nilikuwa nazunguka mialo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na picha ya komunyo ya kwanza ya mtoto wa watu. Nilimkuta anakaanga samaki kwenye kibanda cha mabua, amevaa kanga iliyochanika, mkono una alama za moto. Nilimwambia bibi yake anamtaka. Akasema, "Siwezi kurudi mikono mitupu." Nikamwambia mikono mitupu ni yangu mimi, si yake. Alisita, akaosha sufuria za mama mwenye kibanda, akazipanga vizuri, ndipo akanifuata. Bibi alimwona kwa muda wa mwezi mmoja na nusu kabla hajafa. Baada ya maziko nikamleta hapa, nikakuambia ile habari ya binamu.

Yeye anajua yote. Nilimwambia mwaka wa kwanza. Alikuwa anashona kifungo cha sare yako, hakuinua kichwa. Alisema, "Mama, ulirudi." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au ananikumbusha kwamba nilichelewa.

Ofisini nilifanya yafuatayo. Nilimpelekea mzee Hasmukh kompyuta, akabadilisha betri. Nikaifungua Bwangu, nikaacha kuamini saa. Sasa inasoma kilichomo ndani ya kila kipande na kukilinganisha na kilichokuwamo jana, herufi kwa herufi. Ni polepole zaidi. Mwanza walipiga simu kulalamika, na kwa mara ya kwanza nikamwambia mtu hapana. Nikaondoa king'ora na zile siku za likizo, wengine wakaninunia mpaka leo. Nikamweka Respicius kwenye kiti changu, nikakaa kwenye chake, akajifunza yote kwa miezi miwili. Sasa ananisahihisha, na inaniuma kidogo bado. Na hakuna orodha iliyotoka tena bila watu wawili kuisoma kwa sauti, jina kwa jina. Bwana Kamugisha alizoea kusubiri. Dereva alijifunza kuzima gari.

Hiyo ndiyo nusu ya pili, Koku. Huko chuoni utatengeneza vitu vizuri kuliko vyangu, watu watakupenda kwa ajili ya vitu hivyo, na utamu wake ni mkubwa. Siwezi kukuambia usiupende. Mimi bado naupenda. Nakuomba tu, atakapokuja Respicius wako kukuambia tarehe ni ya ajabu, inua kichwa umtazame.

Nilitaka kuishia hapa. Karatasi ya kwanza niliishia hapa, na ya pili pia, nikazichana, kwa sababu nilikuwa narudia kosa lilelile. Nilikuwa nakuacha uondoke na habari za zamani.

Adventina si mchovu kwa sababu ya cherehani kama tulivyokuambia. Alipimwa baada ya Pasaka. Anao ule ugonjwa. Nilikwenda naye hospitalini, majibu tuliyapokea pamoja, tukarudi kwa miguu mpaka Nshambya. Alinikataza nisikuambie mpaka ufike Dar na uanze masomo, habari hiyo isije ikakuzuia kuondoka. Nilikubali. Wiki nne nimekubali, nikikutazama unavyomtania kwamba akifika Dar atakushonea gauni la mahafali.

Mchana huu, ulipotoka tu, niliingia chumbani kwake. Nikamwambia, "Siwezi. Akija kujua baadaye atauliza kwa nini hakupewa jioni yake na wewe."

Akafikiri. Akasema, "Mwambie basi. Lakini meli apande."

Kwa hiyo sitakungoja bandarini na barua hii. Nitakupa ukifika tu mlangoni, kabla hujavua viatu. Utaisoma barazani, utalia, utanikasirikia, na una haki. Kisha ingia ndani. Hatapenda kuhurumiwa, unamjua. Mletee uzi na sindano zake, akae akikueleza lile gauni, na wewe msikilize mpaka mwisho. Kesho utapanda meli kama alivyotaka, na mimi nitabaki naye. Nitakuandikia kila wiki jinsi alivyo hasa wiki hiyo, hata kama ni vibaya. Hilo naweza kuliahidi.

Nasikia geti. Ni mapema kuliko nilivyodhani. Sijaisoma tena barua hii, na makosa utayaona.

Mama yako,
Perpetua